Haki Yenye Tarehe ya Mwisho

Miguel Luna Perez alikuwa na umri wa miaka 9 familia yake ilipohama kutoka Mexico na kumwandikisha katika shule za umma za Sturgis, mji mdogo wa jimbo la Michigan, Marekani. Ni kiziwi. Shule ilimpangia wasaidizi wa kumfikishia masomo kwa lugha ya alama. Ila kwa mujibu wa madai aliyoyafikisha mahakamani ukubwani, baadhi ya wasaidizi hao hawakuwa na ujuzi wa kazi yenyewe, na mara nyingine walitoweka kwa saa nzima, au zaidi, wakamwacha amekaa peke yake. Ripoti zilizokwenda nyumbani hazikuonyesha lolote kati ya hayo. Alama zilipendeza macho. Kila mwaka alipanda darasa. Wazazi waliamini kijana wao atahitimu pamoja na wenzake, hadi miezi michache kabla ya mahafali walipoambiwa kwamba hatapewa cheti cha kuhitimu sekondari.

Alikuwa amekaa katika shule hizo kuanzia miaka 9 hadi 20.

Familia ililalamika, na wilaya ya shule ikakubali kumaliza shauri kwa makubaliano, mojawapo likiwa ni kumpeleka katika shule ya viziwi ya jimbo. Lakini miaka iliyopotea ilikuwa imepotea, na Perez alitaka fidia ya fedha. Mahakama za chini zilimwambia kwamba kwa kukubali yale makubaliano alijifungia njia. Tarehe 21 Machi 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa sauti moja, ilisema hapana, njia iko wazi. Sheria ya elimu ya wenye ulemavu haitoi fidia ya fedha, kwa hiyo haiwezi kumzuia mtu kuidai kupitia sheria nyingine.

Wanaoitazama Marekani kutoka mbali hudhani elimu maalumu ya huko inasimama juu ya utajiri: vyumba vyenye vifaa, mabasi yenye ngazi za umeme, mwalimu mmoja kwa watoto watatu. Vitu hivyo vipo katika baadhi ya wilaya. Kinachoibeba elimu hiyo, hata hivyo, ni haki ya mzazi kubishana na shule, na kubishana huko kukiwa na hakimu mwishoni. Bila mzazi wa kubisha, hata shule yenye fedha inaweza kumpandisha mtoto madarasa 10 bila kumfundisha.

Haki hiyo haikudondoka kutoka mbinguni. Mwaka 1970 shule za Marekani zilikuwa zinamsomesha mtoto 1 tu kati ya kila 5 wenye ulemavu. Majimbo mengi yalikuwa na sheria zilizoruhusu waziwazi kumfungia mlango mtoto kiziwi, asiyeona au mwenye ulemavu wa akili. Huko Pennsylvania chama cha wazazi wa watoto wenye ulemavu wa akili kilikwenda mahakamani mwaka 1971 kupinga sheria iliyowahesabu watoto wao kuwa hawafundishiki, na jimbo likasalimu amri kwa makubaliano yaliyosimamiwa na mahakama. Mwaka uliofuata, mjini Washington, wilaya ya elimu ilijitetea mbele ya Jaji Joseph Waddy kwa hoja ambayo waziri yeyote wa fedha angeielewa: hatuna pesa. Jaji akajibu kwamba kama pesa hazitoshi, upungufu huo hauwezi kubebeshwa watoto wenye ulemavu kuliko wengine. Katika historia yote ya elimu maalumu ni vigumu kupata hoja iliyonyooka zaidi ya hiyo.

Bunge lilifuata nyuma. Tarehe 29 Novemba 1975 Rais Gerald Ford alitia saini sheria iliyompa kila mtoto mwenye ulemavu elimu ya umma, ya bure na inayomfaa. Alisaini huku akinung'unika kwamba inaahidi zaidi ya serikali kuu iwezavyo kutoa. Kuhusu fedha alikuwa sahihi. Bunge lilisema serikali kuu itachangia hadi asilimia 40 ya gharama za ziada, na tangu siku hiyo mchango wenyewe haujawahi kufika hapo. Wilaya na majimbo hubeba zilizobaki, na ndiyo maana karibu kila mzozo kuhusu mtoto, ukiufunua, utakuta ndani yake mzozo wa bajeti.

Sheria hiyo ilipewa jina jipya mwaka 1990, ikafanyiwa marekebisho makubwa mwaka 1997 na tena 2004. Leo inahudumia zaidi ya watoto na vijana milioni 7, takriban asilimia 15 ya wanafunzi wa shule za umma. Kundi kubwa zaidi kati yao halionekani kwa macho. Ni wenye matatizo mahususi ya kujifunza, kama mtoto mwerevu ambaye herufi zinamgomea. Ukipita kwenye korido za sekondari ya Marekani wakati wa kubadilisha vipindi, hutamjua yupi ni yupi.

Kila mmoja wao ana mpango wake wa maandishi, ambao huko huitwa kwa herufi tatu tu, IEP. Umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi mmoja na unahuishwa angalau mara moja kwa mwaka. Unaeleza mtoto yuko wapi sasa, anatakiwa afike wapi baada ya mwaka, atapata huduma gani, dakika ngapi kwa wiki, na nani atampa. Mezani hukaa mzazi, mwalimu wa darasa la kawaida, mwalimu wa elimu maalumu, mtu awezaye kufafanua matokeo ya vipimo, na mwakilishi wa wilaya mwenye mamlaka ya kuahidi fedha. Huyu wa mwisho mara nyingi husema kidogo kuliko wote. Wazazi wazoefu humtazama yeye.

Mtoto akifika sekondari, mpango hubadilika sura. Katika shule ya msingi swali lilikuwa kama atasoma. Sasa swali ni atatoka na karatasi gani, na aende nayo wapi. Kabla hajatimiza miaka 16 mpango unatakiwa uwe na malengo ya maisha baada ya shule: masomo zaidi, kazi, na pale inapohitajika, kuishi kwa kujitegemea. Majimbo kadhaa huanza mapema zaidi, kwenye miaka 14. Na mwanafunzi mwenyewe lazima aalikwe kwenye mkutano huo. Wapo wanaokuja wakakaa kimya huku kofia imefunika macho. Wapo pia waliofundishwa kuuongoza mkutano wenyewe, wakawaambia walimu wao kwamba sauti za feni zinawavuruga au kwamba wamechoka kutolewa darasani katikati ya kipindi cha baiolojia.

Kuna uamuzi mmoja wa darasa la 9 ambao wazazi wengi huupita bila kuuona uzito wake: kuchagua kati ya aina mbili za msaada. Msaada wa kwanza humwachia mwanafunzi somo lilelile na kubadilisha njia ya kulifikia: muda wa ziada kwenye mtihani, kitabu cha kusikiliza, maandishi makubwa, chumba kisicho na kelele, mkalimani wa lugha ya alama. Msaada wa pili hupunguza somo lenyewe: wenzake wanasoma aljebra, yeye anasoma kuhesabu chenji. Wote wawili huweza kuandikwa kwenye mpango uleule, kwa lugha ileile ya upole. Wa kwanza haugusi cheti. Wa pili, katika majimbo mengi, unaweza kumtoa mwanafunzi kwenye njia ya cheti cha kawaida bila mtu kugonga kengele, halafu miaka mitatu baadaye familia inaambiwa atapewa hati ya kumaliza shule, ambayo waajiri wengi na vyuo vingi hawaihesabu. Kwa wenye ulemavu mkubwa wa akili mtaala huo unaweza kuwa ndio unaofaa, na kujua nauli ya basi kuna thamani zaidi kuliko kunakili milinganyo usiyoielewa. Tatizo huja pale shule inapouchagua kwa sababu ni rahisi. Serikali kuu iliwahi kuona hatari hiyo: sheria ya mwaka 2015 iliweka kikomo kwamba wanaopimwa kwa mtihani mbadala wasizidi asilimia 1 ya wanafunzi wote wa jimbo katika somo husika.

Wanafunzi wengi wenye mpango huo husomea kwenye darasa la kawaida. Kuna mtindo wa walimu wawili ndani ya chumba kimoja, mmoja bingwa wa kemia au historia, mwingine bingwa wa elimu maalumu. Wakielewana, mgeni hawezi kujua nani ni nani. Wasipoelewana, yule wa pili hugeuka kuwa mgawa karatasi. Kipindi kimoja kwa siku mwanafunzi anaweza kwenda kwenye chumba cha msaada, akafundishwa namna ya kupanga kazi zake, kusoma kwa mbinu au kumalizia insha. Wachache wana madarasa yao ya stadi za maisha, yenye jiko na mashine ya kufulia, na safari za kujifunza kupanda basi la mji.

Swali la kiasi gani kinatosha lilichukua miaka 35 kujibiwa. Amy Rowley alikuwa msichana kiziwi katika shule ya msingi huko Peekskill, jimbo la New York, hodari wa kusoma midomo na anayefaulu. Wazazi wake, nao viziwi, walitaka apewe mkalimani darasani. Mwaka 1982 Mahakama ya Juu ilikataa: mtoto anapanda darasa, anafaidika, sheria haiahidi kilicho bora kabisa. Majaji watatu waliopinga waliandika kwamba Amy alikuwa anapata chini ya nusu ya yanayosemwa darasani. Fikiria mtoto anayefaulu kwa nusu ya somo, kisha anaambiwa kufaulu huko ndiko ushahidi kwamba hahitaji nusu nyingine. (Amy Rowley alikuja kuwa profesa wa lugha ya alama ya Kimarekani katika chuo kikuu kimoja jimboni California.)

Baada ya hukumu hiyo baadhi ya mahakama zilishusha kipimo hadi karibu na sakafu. Kijana mwenye usonji wa wilaya ya Douglas, Colorado, anayejulikana katika kumbukumbu za mahakama kama Endrew F., aliandikiwa malengo yaleyale karibu kila mwaka. Wazazi wakamhamishia shule binafsi, akaanza kupiga hatua, wakairudia wilaya kudai gharama. Mahakama ya rufaa ikasema shule imetimiza wajibu ikiwa mtoto amepata faida iliyozidi sifuri kidogo tu. Tarehe 22 Machi 2017 majaji wote 8 wa Mahakama ya Juu waliokaa kuisikiliza waliikataa hesabu hiyo. Jaji Mkuu John Roberts alieleza kwamba mpango lazima uandaliwe ili mtoto apige hatua zinazolingana na hali yake. Siku hiyohiyo Neil Gorsuch alikuwa mbele ya kamati ya Seneti akihojiwa ili awe jaji wa mahakama hiyo, na maseneta wakamsomea hukumu yake ya zamani iliyotumia kipimo kilekile kilichotoka kukataliwa. Miaka 6 baadaye Gorsuch ndiye aliyeandika hukumu ya kumpa ushindi Perez.

Ushindi wa aina hii una gharama. Tangu 2005 mzazi anayelalamika ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha, isipokuwa sheria ya jimbo iseme vingine. Tangu 2006 hawezi kurudishiwa fedha alizomlipa mtaalamu wa kumtolea ushahidi, hata akishinda. Wakili anaweza kulipwa na wilaya iliyoshindwa, lakini kwanza apatikane anayekubali kusubiri. Kwa hiyo mtoto wa daktari na mtoto wa mfagiaji wana haki moja, ila mmoja ana nguvu ya kuitumia. Hili ndilo doa kubwa la mfumo uliojengwa juu ya malalamiko ya mzazi, na hakuna marekebisho ya sheria yaliyolifuta.

Doa hilo linawagusa wasemaji wa Kiswahili moja kwa moja. Katika miaka kadhaa tangu 2018, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imekuwa chimbuko kuu la wakimbizi waliopokewa Marekani, na wengi wao huzungumza Kiswahili. Wamekaa Louisville katika jimbo la Kentucky, Grand Rapids huko huko Michigan, na miji mingine mingi ambako ofisi za shule sasa huchapa matangazo kwa Kiswahili. Wengi walilelea watoto wao katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, au Nakivale nchini Uganda, ambako mwalimu ndiye ajuaye na mzazi akiitwa shuleni basi mtoto amefanya kosa. Leo baba wa watu anaingia chumba chenye watu 7 wanaotabasamu, anaulizwa ana wasiwasi gani kuhusu mtoto wake. Anajibu kwa adabu kwamba hana, anawashukuru walimu. Kwenye kumbukumbu za mkutano huandikwa kwamba mzazi ameridhika.

Sheria imeliona hilo kwa sehemu. Shule lazima ihakikishe mzazi anaelewa yanayoendelea kwenye mkutano, ikiwa ni pamoja na kumletea mkalimani, na taarifa rasmi za kubadilisha au kukataa huduma zitolewe kwa lugha yake pale inapowezekana. Mwongozo wa serikali wa mwaka 2015 ulizitaka shule zisimtumie mwanafunzi au ndugu zake kuwa wakalimani, na sababu haihitaji maelezo kwa aliyewahi kumwona kijana wa miaka 15 akimtafsiria mama yake ripoti yake mwenyewe. Huduma hazianzi kabisa mara ya kwanza bila idhini ya mzazi kwa maandishi. Baada ya hapo saini yake huwa na uzito mdogo zaidi: katika majimbo mengi mpango mpya hutekelezwa hata asiposaini, isipokuwa apinge rasmi. Kukaa kimya, kwa hiyo, kunahesabiwa ndiyo.

Kuna mtego wa upande wa pili. Mwaka 1970, huko California, familia za watoto wanaozungumza Kihispania zilifungua kesi baada ya watoto kupimwa akili kwa Kiingereza na kupelekwa madarasa ya wenye ulemavu wa akili. Walipopimwa tena kwa lugha yao, wengi wao hawakustahili kabisa kuwa huko. Siku hizi sheria inakataza kumwita mtoto mlemavu ikiwa kinachomkwamisha hasa ni Kiingereza au kukosa kufundishwa vizuri. Katazo hilo ni la haki, lakini baadhi ya shule hulitumia kama kisingizio cha kusubiri: tumpe mwaka mwingine, Kiingereza kitakuja. Kijana aliyefika akiwa na miaka 16, aliyekosa shule miaka 4 ya vita na safari, na ambaye kweli ana tatizo la kusoma, hana mwaka mwingine wa kupewa.

Maana saa inakwenda. Akitimiza miaka 18, katika majimbo mengi haki zote za mzazi kwenye meza ile zinahamia kwake, na mpango wake unatakiwa uoneshe kwamba alijulishwa angalau mwaka mmoja kabla. Wazazi wengine hukimbilia mahakamani kuomba ulezi wa mtu mzima, hatua inayomnyang'anya kijana sauti yake kisheria. Texas mwaka 2015 ilikuwa jimbo la kwanza kutunga sheria ya njia nyingine, ambapo mtu mzima mwenye ulemavu huamua mwenyewe huku akisaidiwa na watu aliowachagua. Cheti cha kawaida nacho kikishatolewa, huduma hukoma siku hiyohiyo. Asiyekipata anaweza kubaki shuleni, kwa kawaida hadi anapofikisha miaka 22. Michigan, jimbo lilelile la Perez, ni la pekee: huendelea hadi miaka 26.

Miaka hiyo ya ziada ndiyo inayotumiwa vizuri kuliko yote pale inapopata mwenye akili ya kuipanga. Mwaka 1996, katika hospitali ya watoto ya Cincinnati, muuguzi Erin Riehle aliyesimamia idara ya dharura alichoshwa na wafanyakazi wa kujaza vifaa kwenye makabati, ambao hawakudumu. Akajiuliza kwa nini kazi hiyo isifanywe na vijana wenye ulemavu wa akili waliofunzwa vizuri. Mradi uliozaliwa na swali hilo, Project SEARCH, umeenea hadi nje ya Marekani: mwanafunzi wa mwaka wa mwisho huhamia kazini kila siku, akizunguka idara tatu, mwalimu wake akiwa hapohapo. Sheria ya mwaka 2014 iliyataka majimbo yatenge angalau asilimia 15 ya fedha za serikali kuu za kuandaa watu wenye ulemavu kwa ajira, zitumike kwa wanafunzi ambao bado wako shuleni. Na tangu 2008 kijana mwenye ulemavu wa akili anaweza kupata ruzuku ya serikali kusoma katika programu maalumu ndani ya vyuo vikuu vilivyoidhinishwa.

Anayekwenda chuo kwa njia ya kawaida hukutana na mabadiliko mengine. Sekondari ilikuwa na wajibu wa kumtafuta. Chuo kinamsubiri ajitokeze. Anatakiwa aende mwenyewe ofisi ya wanafunzi wenye ulemavu, apeleke vipimo, aseme anachohitaji. Mpango wake wa sekondari haukilazimishi chuo kitu chochote. Muda wa ziada ataupata, mkalimani pia, lakini hakuna atakayempunguzia mtaala wala kumfuatilia akikosa vipindi. Mama yake, aliyehudhuria mikutano miaka 12 na kukariri kila dakika ya huduma, akipiga simu ataombwa kwanza idhini ya mwanawe kwa maandishi.